William Sealy Gosset

William Sealy Gosset (Canterbury, Uingereza, 13 Juni 1876 – Beaconsfield, Uingereza, 16 Oktoba 1937) alikuwa mwanakemia na mwanatakwimu, anayejulikana zaidi kwa jina la bandia Student, yaani mwanafunzi. Alionyesha namna ya kukadiria makosa ya kipimo pale ambapo vipimo ni vichache.

Maisha na kazi

Baba yake alikuwa afisa wa jeshi. Gosset alisoma hisabati na kemia huko Oxford, na mwaka 1899 aliajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin.

Kiwandani ilibidi kupima shayiri na hopsi, lakini kila kipimo kilikula muda na fedha. Mara nyingi wanakemia walikuwa na majibu matatu au manne tu, wakati kanuni za takwimu zilizokuwepo zilifaa vipimo vingi. Mwaka 1906 alikwenda London kujifunza kwa Karl Pearson. Ili kuhakiki hesabu zake, aliandika vipimo vya miili ya wahalifu 3,000 kwenye kadi, akazichanganya, akazigawa katika mafungu 750 ya kadi nne nne, akatazama jinsi wastani wa kila fungu ulivyotofautiana na wastani wa wote. Kazi ya subira kweli! Matokeo yalichapishwa mwaka 1908 katika jarida la Biometrika, na ndiyo asili ya jaribio la t. Alitumia jina la bandia kwa sababu kiwanda hakikuruhusu wafanyakazi kuchapisha kwa majina yao. Uthibitisho kamili wa kihisabati ulitolewa baadaye na Ronald Fisher.

Makala yake ya mwaka 1927, kuhusu makosa ya uchambuzi wa kila siku maabarani, haitajwi sana, ingawa kwa mpimaji wa chakula ina manufaa makubwa. Alionyesha kwamba vipimo vinavyofuatana siku moja hukaribiana kuliko vya siku mbalimbali, kwa kuwa hubeba kosa lilelile. Kwa mfano, kabichi za Lukozi, wilayani Lushoto, zikipimwa mabaki ya viuatilifu mara mbili asubuhi moja, majibu yanaweza kulingana na bado yote mawili yakawa yamezidi ukweli. Kama jibu liko karibu na kiwango kinachoruhusiwa, kosa hilo dogo latosha kumkosesha mkulima soko, au kumfikishia mlaji sumu.

Mwaka 1935 Gosset alihamia London, kwenye kiwanda kipya cha Guinness huko Park Royal. Alifariki miaka miwili baadaye kwa ugonjwa wa moyo, akiwa bado kazini.