Charles Messier: Msaka kometi aliyekumbukwa kwa alichokikwepa

KABLA ya taa za umeme kufifisha anga za miji, Mfaransa mmoja asiyekuwa na kisomo cha chuo kikuu alikesha jijini Paris akisaka nyota zenye mkia, yaani kometi.

Charles Messier alizaliwa Juni 26, 1730, mjini Badonviller, katika familia ya watoto 12. Alimpoteza babake akiwa na umri wa miaka 11. Kometi kubwa ya 1744, iliyoonekana bila chombo chochote, ilimteka akili, na mnamo 1751 mwandiko wake safi ukampatia kazi kwa mtaalamu wa falaki, Joseph-Nicolas Delisle.

Edmond Halley, aliyekuwa amefariki, alitabiri kwamba kometi aliyoichunguza ingerejea mwishoni mwa 1758. Messier aliitafuta kwa miezi mingi akifuata ramani ya Delisle, ambayo ilikuwa na makosa. Alipoiona hatimaye, Januari 21, 1759, mwajiri wake alimkataza kutangaza. Isitoshe, Johann Palitzsch, mkulima wa Saxony, alikuwa ameiona tangu Krismasi.

Katika msako huo Messier alidanganywa na wingu hafifu la mwanga lisilosonga. Ili asipotoshwe tena, aliorodhesha vitu vya aina hiyo. Orodha ya kwanza, iliyochapishwa 1774, ilikuwa na vitu 45, na cha mwisho ni Kilimia, ambacho wakulima wa Afrika Mashariki walikitumia tangu jadi kubashiri mvua. Ni vigumu kuelewa ni nani angekidhania kuwa kometi. Kufikia 1781, orodha ilikuwa na vitu 103.

Mwaka huo alitumbukia katika shimo la kuhifadhia barafu, akavunjika paja, mkono na mbavu. Mapinduzi ya Ufaransa nayo yalimnyima mshahara. Rafiki yake, Bochart de Saron, akiwa gerezani alikokotoa njia ya kometi ambayo Messier aliigundua 1793. Ilipopotelea katika mwanga wa jua na kuibuka tena, Messier aliipata palepale ilipotarajiwa. De Saron alikatwa kichwa Aprili 1794.

Messier alifariki Aprili 12, 1817, akiwa amegundua kometi 13. Wachache wanazikumbuka. Lakini mtu mwenye darubini ndogo ya mkononi, akiwa mbali na taa za mji, bado huanza na ile orodha ya vitu vya kuepukwa.