Beryl Markham na Hesabu ya Upepo

Mkazi wa Kakiika, Mbarara, aitazamaye ndege ndogo ikielekea Entebbe anajua kuwa hiyo ni safari fupi, kilometa zipatazo 215. Kutoka London hadi New York ni kilometa zipatazo 5,500. Umbali huo mtu aweza kuupima kwa uzi juu ya tufe la dunia. Lakini rubani mmoja aliyekulia Njoro, Kenya, alitambua akiwa angani kwamba uzi hausemi yote.

Beryl Markham alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba, 1902. Angali mtoto mdogo, baba yake, Charles Clutterbuck, alihamia Kenya na kuanzisha shamba Njoro. Mama yake alirejea Uingereza, naye Beryl akakua akicheza na kuwinda pamoja na watoto wa Kiafrika. Ujanani alifundisha farasi wa mashindano. Kisha Tom Campbell Black akamfundisha urubani, na mwaka 1932 aliruka peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza.

Jioni ya tarehe 4 Septemba, 1936, aliondoka Abingdon, Uingereza, akiikusudia New York. Ndege yake, Vega Gull ya injini moja, aliazimwa na John Carberry, mlowezi wa Kenya. Katika anga tulivu iliweza kwenda zaidi ya kilometa 240 kwa saa. Lakini avukaye Atlantiki kwenda magharibi hupambana na upepo wa mbisho. Baada ya saa 20 na zaidi za giza na mvua, alikuwa amesogea kilometa zipatazo 4,200 tu. Bila upepo ule, muda huo huo ungalimfikisha karibu na New York.

Ndipo barafu ilipoziba njia ya hewa ya tangi, petroli ikakoma kufika kwenye injini, nayo ikazimika. Alitua kinamasini Baleine, Nova Scotia, nchini Kanada. Pua ya ndege ikazama matopeni, naye akajeruhiwa kichwani. Hata hivyo, alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka peke yake bila kutua kutoka Uingereza hadi Amerika ya Kaskazini, na New York ilimpokea kwa shangwe.

Furaha hiyo haikudumu. Tarehe 19 Septemba mwalimu wake, Campbell Black, aliyekwisha kuruka kutoka Uingereza hadi Melbourne mwaka 1934, aliuawa kiwanjani Liverpool. Ndege nyingine iliigonga yake kabla haijaiacha ardhi.

Bibi Markham alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti, 1986. Hata leo ndege kubwa hutumia muda mrefu zaidi kwenda New York kuliko kurudi London, ingawa umbali ni ule ule. Rubani mwenye busara huuliza kwanza habari za upepo, ndipo apime petroli.