Wei Zheng, mshauri aliyempinga mfalme kwa miaka 17

Mwaka 626, katika mji wa Chang'an nchini China, Li Shimin aliwaua ndugu zake wawili, akiwemo Li Jiancheng, mrithi wa kiti cha ufalme. Kisha akamwita Wei Zheng, mtumishi wa Jiancheng, aliyekuwa amemshauri bwana wake amwondoe Li Shimin mapema.

Wei Zheng hakukana wala hakuomba radhi. Alieleza kuwa laiti ushauri wake ungefuatwa, bwana wake asingefikwa na mauti. Kauli hiyo ingetosha kumtoa roho. Badala yake, ilimpatia kazi.

Wei Zheng alizaliwa mwaka 580, akafiwa na baba angali mdogo na kukulia katika umaskini. Li Shimin, anayejulikana katika historia kama Taizong, alipotawazwa alimfanya mshauri wake, naye akawasilisha hoja za kumkosoa mfalme zaidi ya 200.

Serikali ilipotaka kuwaandikisha jeshini vijana wasiotimiza umri, alikataa kuidhinisha amri hiyo. Mfalme alipokasirika, alimkumbusha kuwa anayekausha bwawa hupata samaki wengi leo, lakini mwakani hana cha kuvua. Amri ikafutwa.

Haikuwa rahisi kumvumilia. Inasimuliwa kuwa siku moja mfalme alirejea kutoka barazani akiapa kumuua. Malkia Zhangsun aliondoka kimya, akarudi amevaa mavazi rasmi na kumpongeza mumewe, kwani washauri wakweli hupatikana pale tu penye mtawala mwema. Hasira ikatulia.

Wei Zheng alifariki mwaka 643. Taizong alimlilia kama mtu aliyepotewa na kioo cha kujionea makosa yake. Hata hivyo, muda mfupi baadaye maneno ya fitina yalimfikia, akaamuru jiwe la kumbukumbu kaburini liangushwe.

Mwaka 645 Taizong aliongoza mwenyewe vita dhidi ya ufalme wa Goguryeo. Alishindwa kuuteka mji wa Ansi, na baridi kali ikawaua askari wengi njiani wakati wa kurudi. Hapo alijuta kuwa Wei Zheng hakuwepo kumzuia, akaagiza jiwe lile lisimamishwe upya.

Jiwe lilirudi mahali pake, lakini askari waliopotea hawakurudi. Kiongozi humhitaji mwenye kumpinga kabla ya uamuzi, si baada ya hasara.