Laveran, daktari wa jeshi aliyekiona kijidudu cha malaria

Ndugu zetu wa jeshi na polisi wanaokesha zamu katika vilima vya Nyarusange, iwe ile ya Gitega au ile ya Muyinga, hawahitaji kuelezwa malaria ni nini. Wengi wanaikumbuka miaka ya 2000 na 2001, homa hiyo ilipopanda milima ya Burundi na kuwalaza watu kwa mamilioni. Lakini pengine ni wachache wajuao kwamba mtu wa kwanza kukiona kijidudu chake alikuwa mwanajeshi kama wao. Huyo ni Alphonse Laveran, ambaye tumeona inafaa kuyasimulia maisha yake.

Laveran alizaliwa Paris tarehe 18 Juni 1845. Baba yake alikuwa daktari wa jeshi la Ufaransa, naye akafuata nyayo hizo hizo. Katika vita vya 1870 alihudumia majeruhi mpaka mji wa Metz ulipotekwa na Waprussia. Mwaka 1878 akapelekwa Algeria, nchi ambayo Wafaransa walikuwa wameitwaa kwa nguvu, na ambako homa iliwajaza askari wao hospitalini.

Wakati ule wengi waliamini kwamba homa hiyo huletwa na hewa mbaya ya mabwawa. Wengine walidai ni bakteria. Laveran hakushughulika na mabishano hayo. Alichukua damu ya wagonjwa ingali mbichi, bila kuikausha wala kuitia rangi, akaitazama kwa hadubini. Tarehe 6 Novemba 1880, katika hospitali ya jeshi mjini Constantine, aliona ndani ya damu ya askari kijana kitu cha mviringo kilichotoa nyuzi nyembamba, nazo zikipigapiga kama mijeledi na kuzisukuma chembe nyekundu. Kilikuwa hai! Kwa kuikausha damu, wenzake walikuwa wakimwua shahidi kabla hajatoa ushahidi.

Taarifa yake ilipofika Paris haikusadikiwa kwa wepesi, na mabingwa wa Italia walikuwa wagumu zaidi. Laveran hakurudi nyuma. Mwaka 1882 alikwenda Roma, akavikuta vijidudu vile vile katika damu ya wagonjwa wa huko. Alishuku pia kwamba mbu wanahusika, jambo lililokuja kuthibitishwa na Ronald Ross, daktari mwingine wa jeshi, huko India mwaka 1897. Jeshi halikumpa Laveran nafasi ya utafiti aliyoitaka, kwa hiyo akaliacha mwaka 1896 na kuingia Taasisi ya Pasteur. Alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 1907, nusu ya fedha zake alizitoa kujenga maabara. Alifariki tarehe 18 Mei 1922.

Jina lake, hata hivyo, limebaki kazini. Kundi la vijidudu ambamo kimo Plasmodium falciparum, kilicho hatari kupita vyote, huitwa Laverania. Mwaka 2002 wanasayansi walimaliza kuisoma jenomu yake, yaani maandishi yote ya urithi wake: kromosomu 14 na jeni zipatazo 5,300. Mwaka 2010, vinyesi vya sokwe na gorila vilivyookotwa katika misitu ya Afrika vilionyesha kwamba kijidudu hicho kilitoka kwa gorila kikamwingia binadamu.

Jenomu hizo zimefichua pia jinsi kinavyobadilika. Badiliko la jeni lililoishinda dawa ya klorokwini lilizuka kusini-mashariki mwa Asia, likafika Afrika ndani ya damu ya wasafiri. Ndipo Burundi, mwaka 2003, ikalazimika kuingia dawa mseto ya atesunati na amodiakwini. Tena mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba nchini Rwanda, jirani zetu wa karibu kabisa, vimeonekana vijidudu vyenye badiliko linalodhoofisha dawa za jamii ya atesunati. Safari hii badiliko halikutoka Asia, lilizuka huko huko.

Na tone la damu linalochunguzwa leo kutafuta mabadiliko hayo, mara nyingi hukaushwa juu ya kipande cha karatasi, kisha likasafirishwa hadi maabara.