Ernest Hemingway: Ukoo ulioandamwa na maradhi ya akili

ERNEST Hemingway, mwandishi wa Marekani aliyezipenda nyika za Kenya na Tanganyika, alijitoa uhai Julai 2, 1961 akiwa na umri wa miaka 61. Baba yake, Dkt Clarence Hemingway, alikuwa amekufa vivyo hivyo mwaka 1928. Dada yake Ursula alifuata mwaka 1966, mdogo wake Leicester mwaka 1982, na mjukuu wake Margaux mwaka 1996.

Misiba hiyo huzua swali linalowatia hofu wazazi wengi: je, mtoto wa mgonjwa wa akili naye sharti augue?

Hemingway alizaliwa Julai 21, 1899 Oak Park, karibu na Chicago. Desemba 1933 alitia nanga Mombasa pamoja na mkewe Pauline, akaingia mbugani akiongozwa na mwindaji Philip Percival. Safari hiyo, iliyokatizwa kwa muda na ugonjwa wa kuhara, ilizaa kitabu Green Hills of Africa cha mwaka 1935.

Alirejea Kenya mwaka 1953 na mkewe wa nne, Mary. Januari 1954, walipata ajali mbili za ndege nchini Uganda katika muda wa siku mbili, karibu na maporomoko ya Murchison na kisha Butiaba. Magazeti yalitangaza kwamba amefariki. Alinusurika, lakini kichwa chake kiliumia vibaya. Mwaka huo huo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Wataalamu kadhaa waliochunguza maisha yake wanaamini alikuwa na bipola, ugonjwa unaompandisha mtu kwenye furaha na pupa zisizo na kiasi, kisha ukamtumbukiza katika sonona. Wengine wanalaumu pombe na majeraha ya kichwa. Mwishoni mwa 1960 alilazwa katika Mayo Clinic, akapewa tiba ya mshtuko wa umeme. Dawa ya lithiamu, ambayo manufaa yake yalikuwa yamebainika Australia mwaka 1949, iliidhinishwa Marekani mwaka 1970, miaka tisa baada ya kifo chake.

Aliacha wana watatu, na maisha yao hayakufanana. Gregory, aliyesomea udaktari, alisumbuliwa na bipola kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2001. Jack, babake Margaux, aliishi miaka 77. Patrick aliugua akili mwaka 1947 baada ya kuumia kichwa, akatibiwa, akapona. Alihamia Tanganyika, akaongoza misafara ya uwindaji na kufundisha katika Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro. Alifariki Septemba 2025 akiwa na miaka 97.

Sayansi inaafikiana na historia hiyo. Kati ya watoto 100 ambao mmoja wa wazazi wao ana bipola, takriban 10 huipata. Katika umma kwa jumla, ni mmoja au wawili hivi kati ya 100. Hatari huongezeka wazazi wote wawili wakiwa wagonjwa. Hata hivyo, kinachorithiwa ni uwezekano wa kuugua, si ugonjwa wenyewe.

Ilivyokuwa kwa ukoo huo wa Marekani ndivyo ilivyo kwa familia yoyote ya Ngaremara, kaunti ya Isiolo, yenye mzazi mgonjwa. Katika jamii zetu nyingi, ukoo huchunguzwa kabla ya posa kukubaliwa, na walio na mgonjwa humficha ili mabinti zao wasikose kuolewa. Siri hiyo ndiyo inayodhuru. Kijana asiyejua maradhi ya mzazi wake hawezi kutambua dalili zake mapema: kukesha siku kadhaa bila kuchoka, kutapanya mali, kisha kujitenga na kukata tamaa.

Anayejua ataepuka pombe na bangi, atalinda usingizi wake, na atafika hospitalini mapema. Lithiamu, ambayo Hemingway hakuwahi kuipata, leo hupunguza marudio ya ugonjwa na hatari ya mgonjwa kujiua.