Hawa, wale na vitabu hivi: nilivyomkumbuka Sheikh Al-Amin nikiwa Migori

Mwezi uliopita nilikuwa Migori na Homa Bay kwa rafiki yangu anayesomesha chuo. Wanafunzi wake wengi nyumbani husema Kijaluo. Kiswahili wanakijua, Kiarabu ndio kwanza wanaanza. Somo lilikuwa kuashiria wengi: haaulaai ni hawa, ulaaika ni wale. Walikuwa wamehifadhi barabara. Nikamwambia binti mmoja aseme vitabu hivi, akasema haaulaai kutub. Wenzake wakacheka, naye akainama.

Kosa hilo nililifanya mimi udogoni. Nilichapwa, na sababu sikuambiwa. Hapo nikamkumbuka Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Babake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa, lakini alifariki mwanawe angali mdogo. Al-Amin akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akaenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir. Mtu wa elimu hiyo angeweza kukaa na maulamaa wenzake, akawaandikia wao peke yao kwa Kiarabu.

Yeye aliwaendea watu wake kwa lugha yao. Mwaka 1930 alianzisha gazeti la Sahifa kwa Kiswahili, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili. Aliwahimiza watu wa pwani wasome, wanaume kwa wanawake, na wafahamu wanachokisoma. Akaandika vitabu vya dini kwa Kiswahili, hata vya kusomeshea watoto. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akaishika kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1947. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Basi nikamwita yule binti, nikamuuliza kwa Kiswahili: wewe husema vitabu hawa? Akacheka, akasema la, vitabu hivi. Nikamwambia, umeshajua nusu ya somo. Hawa ni wa watu, na Kiarabu nacho haaulaai huwekewa watu, wawe wanaume au wanawake. Vitu vikiwa vingi, Kiarabu huviashiria kama kitu kimoja cha kike: haadhihil-kutub, vitabu hivi, tilkal-kutub, vitabu vile. Akaitamka. Kisha akamfahamisha mwenzake, kwa Kijaluo.

Ndugu zangu wa pwani, vyuo vyetu vingi vingali vinahifadhisha watoto nahau kama wimbo, na anayekosea huaibishwa. Mtoto akiaibishwa mara mbili tatu, chuo hukihama, na Kiarabu akakiona ni cha wenyewe. Karibu miaka 80 tangu Sheikh Al-Amin atutoke, na funzo lake bado tunalo deni. Kiswahili ni ngazi tuliyonayo nyumbani. Tuwapandishe watoto kwayo.