Mao Zedong: Sauti iliyotangulia kuzimika

Oktoba 1, mwaka 1949, Mao Zedong alisimama juu ya lango la Tiananmen mjini Beijing, akatangaza kuundwa kwa Jamhuri ya Watu wa China kwa lafudhi nzito ya Hunan, jimbo alikozaliwa mwaka 1893. Robo karne baadaye, sauti hiyo haikueleweka tena hata kwa wakalimani walioketi ubavuni pake.

Kwa mujibu wa Li Zhisui, aliyekuwa daktari wake, ni mwaka 1974 madaktari walipobaini kuwa Mwenyekiti anaugua maradhi yajulikanayo kwa kifupi kama ALS. Maradhi hayo huua polepole seli za neva zinazoendesha misuli. Yakifika kwenye ulimi na koo, maneno huburuzika, sauti hukwaruza, na hata kumeza mate huwa kazi. Akili za wagonjwa wengi hubaki timamu; mtu ajua vema alitakalo, ila kinywa hakimtii. Hadi leo hayajapata tiba ya kuyaponya.

Mwalimu Nyerere alikutana naye Machi 1974. Rais Gerald Ford wa Marekani alipofika Desemba 1975, usemi ulikwisha kuharibika. Aliyeweza kumfahamu zaidi ni Zhang Yufeng, mhudumu wa zamani wa treni yake, aliyezoea kumsoma midomo. Mengine Mao aliyaandika kwa mkono uliokuwa ukidhoofika.

Na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Taifa la watu zaidi ya milioni 900 lilitegemea kauli ya mtu mmoja, na kauli hiyo sasa ilipitia vinywa vya wengine. Maagizo yake kwa vigogo wa chama yalipelekwa na Mao Yuanxin, mtoto wa mdogo wake. Wananchi, waliozoea kumwona pichani na wageni, hawakuelezwa lolote kuhusu ugonjwa huo.

Aprili 1976 alimwandikia Hua Guofeng vijikaratasi vyenye maneno machache. Alipofariki Septemba 9 mwaka huo, miezi miwili baada ya reli ya TAZARA kukabidhiwa, Hua alivitumia kama ushahidi kwamba yeye ndiye mrithi. Mjane wa marehemu, Jiang Qing, hakukubali. Mwezi mmoja baadaye alitiwa mbaroni pamoja na wenzake watatu.